Mwenye Ufunguo wa Maktaba Aitwe Kikaoni

Mtu mwenye busara hanunui ng'ombe wa maziwa kabla ya kusema na yule atakayemchunga. Humwuliza: Majani yapo? Maji yako umbali gani? Zizi lina nafasi? Asipouliza hayo, ng'ombe atapokewa kwa vigelegele, na baada ya miezi michache mbavu zake zitahesabika.

Siku hizi shule zetu nazo zinapokea ng'ombe wa namna mpya: kompyuta na vishikwambi. Vishikwambi twavijua. Vile vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 hapa Tanzania viligawiwa baadaye kwa walimu. Huko Kenya, tangu mwaka 2016, serikali ilipeleka vifaa vya namna hiyo katika shule za msingi, ikianza na watoto wa darasa la kwanza. Wazazi hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini tujiulize: vifaa hivi vinapopangwa, nani huitwa kikaoni? Mwalimu mkuu yupo, diwani yupo, fundi yupo. Mkutubi, yule atunzaye vitabu vya shule, mara nyingi hayupo. Je, kuna hasara gani? Tutazame yaliyowapata wenzetu wa mbali, tujifunze bila kulipa gharama waliyolipa wao.

Yaliyotokea Los Angeles

Los Angeles ni mji mkubwa wa Marekani, katika jimbo la California. Shule zake za serikali zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 600,000. Baada ya uchumi kuyumba mwaka 2008, fedha zilipungua, na mwaka 2011 wakutubi wengi wa shule walipewa barua za kuachishwa kazi. Walipokwenda kujitetea, wanasheria wa idara ya shule waliwauliza kama wao huita majina ya wanafunzi kila siku kama walimu wa darasani. Maana ya swali ilikuwa wazi: mkutubi ni mwalimu kweli, au ni mlinzi wa makabati tu?

Miaka miwili ikapita. Mwezi Juni 2013 bodi ya shule za mji huo ilikubali kununua vishikwambi vya iPad. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa dola milioni 30, na kila kimoja, pamoja na masomo ya kuwekwa ndani yake, kiligharimu dola 678. Shabaha ilikuwa kila mwanafunzi apate chake. Mpango mzima, pamoja na mitambo ya mtandao, ulikadiriwa kufika dola bilioni 1.3.

Matatizo hayakukawia. Vishikwambi vilitiwa kizuizi ili mtoto asifungue mambo yasiyo ya masomo. Lakini mwezi Septemba mwaka ule ule wanafunzi wapatao 300 walikuwa wamekwisha kukikwepa, nao wakawa huru kufungua walichotaka. Ikaamriwa vifaa visichukuliwe nyumbani. Wazazi nao waliuliza: kikipotea au kikivunjika, nani atalipa? Shule moja ilijibu hivi, nyingine vile. Tena masomo yaliyonunuliwa pamoja na vifaa yalikuwa hayajakamilika. Mwezi Agosti 2014 mkataba ukasimamishwa.

Na katika mwaka huo huo wa 2014, karibu nusu ya maktaba 600 za shule za msingi na za kati za mji ule hazikuwa na mkutubi wala msaidizi. Vitabu vilikuwamo ndani, mtu wa kuwaazima watoto hakuwapo.

Mkutubi ajua nini?

Tuseme kwa haki. Fedha za vishikwambi zilitoka katika mikopo iliyokusudiwa kwa majengo, si katika mfuko wa mishahara. Wala hatusemi kwamba wakutubi wangeyazuia yote. Twasema hivi: maswali yaliyowashangaza wakubwa wale ndiyo maswali ya mkutubi ya kila siku.

Kwanza, mkutubi ajua kuazimisha. Ana daftari lenye jina, tarehe, na hali ya kitabu kilipotoka na kilivyorudi. Ajua kwamba kanuni ya kitu kilichopotea hutungwa kabla hakijapotea, nayo husomwa mbele ya wazazi wote.

Pili, ajua kuchagua. Hanunui kitabu kwa uzuri wa jalada. Hukifungua, akatazama kama kimekamilika, kama lugha yake yafaa kwa umri wa mtoto, na kama chasaidia somo linalofundishwa. Kishikwambi bila masomo mazuri ni jalada tupu.

Tatu, ajua kumfundisha mtoto kupima asomayo. Nani ameandika haya? Lini? Atapata faida gani nikimwamini? Kizuizi cha mashine, kijana mwerevu hukikwepa kwa siku chache, kama ilivyoonekana. Mazoea ya kupima habari hubaki naye hata akiwa peke yake.

Los Angeles hatimaye walirudi kwenye jambo hili. Mwezi Januari 2019 walimu zaidi ya 30,000 waligoma kwa siku sita za shule. Katika mapatano yaliyomaliza mgomo, pamoja na mambo mengine, iliahidiwa kwamba kila shule ya sekondari itakuwa na mkutubi.

Na sisi vijijini?

Mzazi atasema: "Shule yetu haina mkutubi aliyesomea. Ina kabati moja tu." Ni kweli kwa shule nyingi. Lakini kabati hilo lina ufunguo, na ufunguo una mwalimu aliyekabidhiwa. Huyo ndiye mkutubi wenu. Yeye ajua vitabu vingapi vilikuja, vingapi vimebaki, na vipi vimeliwa na mchwa.

Basi, wazazi, siku mtakapoitwa kwenye mkutano wa shule kusikia habari za kompyuta, ombeni mwalimu huyo aketi mbele na apewe nafasi ya kusema. Mwulizeni: Vitawekwa wapi, navyo vitapata umeme wapi? Nani ataandika daftari? Ndani yake mna masomo gani? Kikiharibika, nani atatengeneza, na kwa fedha ipi? Akikosa jibu, afadhali mlitafute pamoja kabla ya mchango kukusanywa, kuliko kulitafuta baadaye mbele ya kabati lililojaa mashine zisizowaka.

Fedha ni yenu, na watoto ni wenu. Mchungaji na aulizwe kwanza, ndipo ng'ombe anunuliwe.