Wajibu wa Kuwaokoa Walio Hatarini Majini

Askari wa doria anayemfukuza mvuvi mwenye nyavu haramu ana kazi moja iliyo wazi. Lakini mtumbwi wa mvuvi huyo ukipinduka mbele yake, baina ya Jinja na visiwa vya Buvuma, kazi hiyo hubadilika pale pale. Aliyekuwa mtuhumiwa sasa ni mtu anayezama, na chombo kilicho karibu naye ndicho chenye dhamana ya uhai wake. Mashtaka yatangoja nchi kavu.

Jambo hili si la huruma tupu. Mkataba uliotiwa sahihi mjini Brussels mwaka 1910 ulimlazimu kila nahodha kumsaidia mtu yeyote aliyekutwa baharini katika hatari ya kupotea, hata akiwa adui, maadamu nahodha hakitii chombo chake, mabaharia wake na abiria wake katika hatari kubwa. Wajibu huo ulithibitishwa tena katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Mikataba hiyo iliandikwa kwa ajili ya bahari, wala Ziwa Viktoria si bahari. Hata hivyo wavuvi wa Masese, bila kusomewa kifungu chochote, hugeuza mitumbwi yao wasikiapo ukelele, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba zamu yake yaweza kuwa kesho.

Neno la kupimwa hapo ni "maadamu". Ilikuwa Novemba 24 ya mwaka 2018 ambapo mashua ya starehe iitwayo MV Templar ilizama karibu na pwani ya wilaya ya Mukono, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Wavuvi waliwahi kufika. Iliripotiwa kwamba hata chombo cha waokoaji kilizama, kwa sababu waliokuwa majini walikirukia kwa pamoja.

Kwa hiyo mwokoaji mwenye akili hajipeleki katikati ya kundi. Husimama kando kidogo, akatupa kamba, maboya, au hata madebe matupu ya plastiki yaliyofungwa vifuniko. Anapomkaribia mtu huzima injini, maana panga za rafadha hazichagui. Humpandisha mmoja mmoja, na kila aliyepanda huketishwa chini, sakafuni. Wenye mtumbwi wa mbao uliopinduka huambiwa waushike wasiuache: mbao huelea, na mtu anayeogelea peke yake kuelekea nchi kavu huchoka upesi kuliko anavyodhani.

Askari wa Mbale wasidhani kwamba habari hizi ni za wenzao wa Jinja tu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala, iteremkayo kutoka Mlima Elgon, ilifurika na kuua watu zaidi ya 20. Huko hakuna mawimbi. Kuna mkondo, nao ni mbaya zaidi. Maji ya kimo cha goti yaendayo kasi humwangusha mtu mzima. Afaaye ni yule aliyesimama ukingoni, upande yanakoelekea maji, akiwa na kamba mkononi, si yule aliyejitosa.

Limebaki jambo moja gumu. Mwaka 2017 wanajeshi wa Uganda walianza kusimamia sheria za uvuvi ziwani, na malalamiko juu ya ukali wa kazi hiyo yamefika hata Bungeni. Yawe ya haki au yametiwa chumvi, matokeo yake majini ni mamoja. Dhoruba nyingi za Ziwa Viktoria huzuka usiku, na usiku ishara ya mvuvi aliyepatwa ni tochi au taa yake tu. Akiiogopa mashua ya askari kuliko anavyoyaogopa mawimbi, aisikiapo inapita ataizima.