Ekrani kubwa ya kiwanja haiko ya matangazo tu

Watu wengi wanafikiri ekrani kubwa ya kiwanja cha mupira iko na kazi mbili: kuonyesha goli mara ya pili, na kupitisha matangazo ya bia na ya telefone. Ni kweli, ilianza vile. Lakini programu zinazoendesha ekrani hizi siku hizi zinajua kazi ingine, na hiyo njo inatugusa sisi watu wa mine ya Lualaba, sababu siku ya mechi watoto wetu wako mule ndani.

Kwanza tuelewe namna inatembea. Kiwanja cha kisasa hakina ekrani moja. Kuko ile kubwa ya juu, kuko mukanda wa taa unaozunguka majani, kuko ndogo za kwenye milango, za kwenye ngazi na za pahali wanauzisha vinywaji. Zote zinaongozwa na ordinatere moja. Nyuma ya kila ekrani kuko kisanduku kidogo kinachopokea picha na kuzichunga. Njo maana rezo ikikatika, ekrani inaendelea na kile kisanduku kimechunga. Lakini umeme ukikatika, na SNEL tunaijua, bila grupu ao batri inabaki kioo cheusi tu.

Sasa tuone mapya. La kwanza ni butoni ya hatari. Mutu mumoja akiibonyeza, matangazo yote yanasimama saa ile ile, na ujumbe uliotayarishwa mbele unatoka. Na haiko ujumbe mumoja kwa wote: ekrani ya mulango huu inasema umefungwa, rudieni, ya mulango ule inaonyesha mushale wa kutokea. La pili, programu inaungana na mashini zinazosoma tikiti. Tribini ikijaa, ekrani ya inje inaambia watu waende upande mwingine, mbele hawajaanza kusukumana. La tatu ni luga: ujumbe unatoka kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, tena na picha kwa wasiosoma.

Kama unasema hayo ni mambo ya Ulaya, kumbuka Yaoundé. Tarehe 24 Januari 2022, siku ya mechi ya CAN kati ya Kameruni na Komori, watu 8 walikufa kwenye mulango wa kusini wa kiwanja cha Olembé. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema ule mulango ulipaswa kuwa wazi, lakini ulikuwa umefungwa. Mwenye kuwa nyuma ya kundi haoni mulango, anasukuma tu. Mwaka ule ule, tarehe 29 Oktoba, kwetu Kinshasa, watu 11 walikufa ku Stade des Martyrs siku ya konsere ya Fally Ipupa. Watu walikuwa wamejaa kupita kipimo.

Tusidanganyane: ekrani peke yake haiokoe mutu. Mulango uliofungwa unafunguliwa na mutu mwenye ufunguo. Lakini kundi linaloambiwa mapema wapi kwa kupita halisukumane sawa lile lisiloambiwa kitu.

Sisi wa mine tunajua jambo hili kupita wengine. Mu karieri hakuna anayepiga baruti bila sireni kulia. Hakuna anayeuliza kama sireni inapotezea sosiete dakika. Kila mutu wa posti anajua pahali pa kukutanika. Basi sababu gani tukitoa kaski na kuvaa jezi, tunakubali kukaa kati ya maelfu ya watu bila kujua wapi kwa kutokea?

Kuko tena jambo ambalo watu wa sendika walishike vizuri. Kila tangazo likipita, programu inaandika: ekrani gani, saa ngapi, sekunde ngapi. Iliwekwa vile sababu mwenye kulipa anataka ahakikishe amepata sekunde zake. Ni haki yake. Lakini ripoti ile ile inaweza kuonyesha kama ujumbe wa njia ya kutokea ulipita mbele ya mechi, na mara ngapi. Kama sekunde za bia zinahesabiwa, za uzima wa mutoto zihesabiwe vile vile.

Sosiete za mine zinapenda kuweka jina lao kando ya majani na kwenye jezi. Tunaziomba kitu kidogo: mu kontra ya tangazo, waandike dakika moja ya usalama mbele ya kila mechi, kwa Kiswahili. Na delege, ekrani ikiletwa kiwanjani ao kwenye mulango wa mine, aulize: nani anashika butoni ya hatari, na akikosekana nani anamufuata? Umeme ukikatika, itabaki kuwaka dakika ngapi? Ripoti, nani anaisoma? Mazoezi yatafanywa lini?

Kwa kungojea majibu, tuanze na yale yasiyolipishwa. Ukipeleka watoto ku Dominique Diur, hapa Manika, mbele ya kutafuta pa kukaa uwaonyeshe milango miwili ya kutokea, na muagane pahali pa kukutania inje. Wakubwa wa mine wanatufundisha hivyo kila siku ku kazi. Ku mupira tujifundishe wenyewe.