Roboti Mbele ya Mtoto: Nani Ameruhusiwa Kuiamuru?

Mtoto aogopaye sindano huweza kutulizwa na roboti. Utafiti wa Calgary, Kanada, uliochapishwa mwaka 2013, uliwahusisha watoto 57 waliokuwa wakipewa chanjo ya mafua. Waliochanjwa huku wakiongeleshwa na NAO, roboti yenye umbo la binadamu na kimo cha sentimita 58, walionyesha maumivu na hofu kidogo kuliko wenzao.

Hata hivyo, roboti hiyo haiinui mkono kabla kompyuta inayoiongoza haijaandaliwa. Kwanza huwekwa programu tegemezi, yaani zile ambazo bila hizo programu kuu haifanyi kazi. Matoleo yake sharti yaoane. Kwa miaka mingi, maktaba ya NAO ya lugha ya Python ilihitaji toleo la 2.7, ambalo liliacha kufanyiwa marekebisho ya usalama mwaka 2020. Ndiyo maana fundi makini hulitenga toleo hilo, lisichanganyike na programu nyingine.

Hatua ya pili ni ruhusa. Mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya IOActive walionyesha kuwa NAO inaweza kutekwa na programu hasidi inayodai fidia. Kwa hiyo nenosiri la kiwandani libadilishwe, roboti iwe na mtandao wake, na kila mhudumu apewe ruhusa ya kazi yake tu.

Wauguzi wanalielewa jambo hili: ufunguo wa kabati la morfini hauachwi mlangoni. Mzazi naye ana haki ya kuuliza, kabla mwanawe hajaketi mbele ya roboti, ni nani anayeiongoza.