Mchezo wa Simu Unaofundisha Kweli

Tafuta michezo ya kuwafundisha watoto wadogo kwenye duka la programu la simu yako, nawe utaletewa mamia: herufi za rangi, wanyama wanaocheka, na neno "elimu" limebandikwa juu. Mara nyingi aliyelibandika ni mtengenezaji mwenyewe. Kwa hiyo mkaguzi wa kweli ni wewe mzazi, mlezi au mwalimu wa chekechea, na ukijua pa kutazama, robo saa inatosha.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni chepesi. Fungua mchezo, kisha bofya ovyo bila kusikiliza maelekezo wala kutazama swali. Ukiona unavuka hatua na kumwagiwa nyota, uache. Mtoto wa miaka 4 hugundua upesi kwamba majibu ni matatu, na kidole kikiyapitia yote, mojawapo litakubali tu. Atacheza nusu saa nzima, atashangiliwa kila mara, na hatakuwa amefikiri hata kidogo.

Mchezo uliotungwa na watu wanaojua watoto hujulikana pale mtoto anapokosea. Akikosa, husikia silabi ikirudiwa polepole, au jibu moja huondolewa, au maembe ya kwenye kioo huhesabiwa moja moja mbele yake. Kisha swali lilelile humrudia baadaye kwa sura nyingine. Akipatia mara kadhaa, kazi huongezwa ugumu kidogo. Vigelegele vya ushindi kila mtengenezaji anaweza kuviweka. Kulishughulikia kosa la mtoto kunahitaji ujuzi.

Mwaka 2015 mwanasaikolojia wa Marekani Kathy Hirsh-Pasek na wenzake walitoa mwongozo ambao hadi leo naona unafaa. Walisema mtoto hujifunza vizuri akili yake ikiwa kazini na si kidole tu, asipovurugwa na mapambo ya pembeni, anachojifunza kikigusa maisha anayoyajua, na akiwa na mtu wa kushirikiana naye. Hilo la mapambo hupuuzwa sana. Puto likipasuka pembeni wakati mtoto anaisikiliza herufi, atakachokikumbuka ni puto.

Kwa watoto wetu liko jambo jingine, nalo ni lugha ya sauti za herufi. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja husomwa jinsi ilivyoandikwa. Mtoto wetu husoma kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Michezo mingi ya herufi iliyojaa mtandaoni imetungwa kwa Kiingereza, ambako A huitwa "ei", E huitwa "ii" na I huitwa "ai". Mtoto aliyezizoea sauti hizo kwenye simu hufika darasa la awali, akaonyeshwa herufi I, akatamka "ai", na mwalimu akalazimika kuanza kumfundisha upya. Ushauri wangu ni kuanza kusoma kwa lugha anayoizungumza nyumbani, hata kama shule aendayo hufundisha kwa Kiingereza; sauti za Kiingereza zije baadaye, kwa wakati wake. Mafumbo ya picha, maumbo na kupanga vitu kwa ukubwa hayana shida hiyo, yachukue popote.

Wala si kweli kwamba michezo mizuri ya Kiswahili haiwezekani. Jaribio kubwa la kupima programu za kujifunzia kwa Kiswahili lilifanyika kwetu Tanzania, mkoani Tanga, katika mashindano ya Global Learning XPRIZE. Programu za timu tano ziliwekwa kwenye vishikwambi wakapewa watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule. Walitakiwa wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu, kwa muda wa miezi 15. Mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School ya Marekani. Masharti ya mashindano yalitaka programu zote tano za fainali ziachwe wazi, ili yeyote aweze kuzitumia na kuziendeleza.

Matokeo yake yasomwe kwa makini. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni hatua kubwa mno kwa mtoto asiye na darasa. Lakini wengi bado hawakuwa wamejua kusoma, ingawa programu hizo zilikuwa bora kuliko karibu kila kitu utakachokikuta dukani. Ndiyo maana siamini mchezo wowote unaodai kuchukua nafasi ya mtu mzima.

Matangazo ni sababu ya kutosha ya kuukataa mchezo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichunguza programu 135 za watoto wa miaka 5 na chini, wakakuta karibu zote zina matangazo ya namna fulani, na katika baadhi yake mhusika wa katuni humshawishi mtoto anunue kitu. Mtoto wa umri huo hajui kutofautisha mchezo na biashara. Khan Academy Kids na GCompris ni za bure na hazina matangazo. GCompris, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina shughuli zaidi ya 100, na ukishaipakua hufanya kazi bila bando. Hata mchezo mwingine wowote ujaribu ukiwa umezima data. Na mchezo ukiomba ruhusa ya kujua mahali ulipo au majina yaliyomo simuni, ikatae; kuhesabu ndizi hakuhitaji hayo.

Muda nao una mipaka. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, pungufu ikiwa bora zaidi. Mimi ningeigawa saa hiyo vipande vifupi, tena ukiwa umekaa naye, ukimwuliza: "Umejuaje kwamba ni hii?"

Baada ya wiki moja weka simu pembeni, mwaga kete au maharage juu ya mkeka, umwambie akuhesabie saba. Mwandikie silabi tatu kwa mkaa au chaki azisome. Akiweza kwenye kioo tu na kushindwa mkekani, amejifunza kuucheza mchezo, hajajifunza kuhesabu. Rudia naye hapo mkekani, na baada ya wiki nyingine mpime tena. Hali ikiwa ileile, ufute mchezo huo utafute mwingine.