Gari la zamani la michezo: Lipende, lakini lisile ada ya watoto

NI Jumamosi mchana katika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mikokoteni inapita, bodaboda zinapenya, makondakta wanaita abiria. Katikati ya foleni kuna gari dogo lenye boneti ndefu. Limesimama, na mvuke unatoka mbele. Mwenye gari ameshika chupa ya maji, hajui aanzie wapi, huku vijana wakipiga picha. Nyumbani familia inamsubiri na vitu alivyotumwa sokoni.

Hayo yanaweza kumpata yeyote anayenunua gari la zamani la michezo kwa kuvutiwa na umbo lake, bila kujua tabia zake. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Gari la namna hii lina ua kubwa, na lisipotunzwa, ugomvi wake huishia mezani kwa familia.

Mfano mzuri ni Datsun 240Z, gari lenye historia Afrika Mashariki. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, dereva wa Kenya aliyezaliwa Uganda. Ni gari la viti viwili, lenye injini ya lita 2.4, silinda sita na kabureta mbili. Ushindi huo usimdanganye mnunuzi: gari la mashindano lilikuwa na mafundi wakilisubiri njiani, la kwako linakusubiri wewe.

Kabla ya kulipa

Usikague gari hilo usiku, wala likiwa limetoka kuoshwa. Nenda asubuhi na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Linganisha namba ya injini na ya chesisi na zilizo kwenye kadi ya gari.

Kisha tafuta kutu. Kwa 240Z, angalia chini ya betri, kwenye sakafu na kwenye kingo za chini ya milango. Inua mkeka, gonga kwa kidole. Rangi mpya inayong'aa inaweza kuficha bati lililooza. Injini hutengenezwa na fundi mzuri, lakini bodi iliyoliwa na kutu humaliza fedha kuliko kitu kingine.

Kama ni gari unaloagiza kutoka nje, uliza kwanza kodi zake zote, pamoja na ushuru wa uchakavu. Bei ya kwenye tangazo siyo bei ya kulifikisha nyumbani.

Joto la Dar na foleni

Gari hupozwa na upepo linapokwenda. Kwenye foleni ya Kariakoo upepo huo haupo, na rejeta yenye uchafu wa miaka 50 haiwezi kazi. Ioshwe ndani na nje na fundi rejeta, mipira ya maji na mkanda wa feni vibadilishwe mara tu unapolinunua gari, hata kama vinaonekana vizima.

Mshale wa joto ukipanda, egesha pembeni, zima na usubiri. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, maji yataruka na kukuunguza. Wala usimwage maji baridi juu ya injini inayochemka, kwani silinda hedi ya alumini inaweza kupinda au kupasuka.

240Z ina tabia nyingine inayowachanganya wengi. Linakwenda vizuri, unalizima dakika kumi dukani, ukirudi haliwaki. Sababu ni kwamba kabureta zake zimekaa juu ya bomba la moshi, hivyo petroli hupata joto na kuchemka. Usikimbilie kununua betri. Fungua boneti, acha lipoe, kisha jaribu tena. Ukiendelea kupiga stata utaua betri na kulowesha plagi.

Magari yenye platini yanahitaji jambo jingine dogo: nafasi ya platini ikaguliwe mara kwa mara. Kwa 240Z ni karibu nusu milimita. Ikiwa ndogo au kubwa kupita kiasi, gari hukohoa na kula mafuta.

Spea za Kariakoo na Gerezani

Ukienda kutafuta kifaa, beba kile cha zamani mkononi. Jina la gari halimsaidii sana muuza duka ambaye hajawahi kuliona, lakini kifaa kinajieleza chenyewe. Beringi huwa na namba iliyochongwa pembeni, na namba hiyo hutumika dunia nzima. Beringi ya gari lako yaweza kuwa ileile ya gari jingine lililojaa mjini. Sili za oili hutafutwa kwa vipimo. Bushi ambayo haipatikani huweza kuchongwa na fundi mwenye mashine.

Lakini breki si mahali pa kubana matumizi. Usinunue mipira ya breki iliyotumika, na usikubali fundi aweke oili ya injini badala ya mafuta ya breki, kwani huvimbisha mipira na breki hugoma. Mpira wa petroli nao uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya petroli. Mpira wa kawaida huoza, petroli ikadondoka kwenye bomba la moto. Kizima moto kidogo ndani ya gari ni cha lazima.

Chumvi na mvua

Upepo wa bahari una chumvi. Ukitoka kutembea Kivukoni au Daraja la Tanzanite, osha gari kwa maji baridi, hasa chini. Wakati wa masika, siku Jangwani inapojaa maji, liache nyumbani. Hata hivyo lisilale miezi. Mara moja kwa wiki liendeshwe dakika 20 au 30, lipate moto sawasawa. Jumapili alfajiri, barabara zikiwa wazi, ndiyo saa yake.

Watoto kwanza

Gari la viti viwili ni la watu wawili. Sehemu ya nyuma ya mizigo siyo kiti cha mtoto, hata kama ni safari ya kwenda dukani tu. Mikanda ya zamani nayo ibadilishwe, kwa sababu nyuzi zake huchoka.

Lipo pia hatari isiyoonekana. Mpira wa mlango wa nyuma wa 240Z ukichakaa, moshi wa injini huvutwa ndani. Ukisikia harufu ya moshi, au abiria akilalamika kichwa kinauma, simamisha gari, shukeni wote, na usimpakie mtu hadi tatizo litibiwe. Moshi huo unaweza kuua.

Makubaliano ya nyumbani

Gari hili lisiwe siri. Mume na mke wakae, wataje kiasi ambacho kitatengwa kila mwezi, na fedha hizo zikae peke yake. Zikiisha, gari lisubiri mwezi ujao. Kuwe na daftari la kuandika kila spea, bei yake na siku iliyofungwa. Daftari hilo humsaidia fundi, na humwonyesha mwenzako kwamba fedha haziendi kwingine.

Muhimu zaidi, lisiwe gari pekee linalotegemewa. Mtoto akiugua usiku, familia iwe na namba ya dereva wa teksi wanayemwamini.

Nyumba ikishakubaliana hivyo, jeuri ya gari haiumizi mtu. Siku likigoma, watu watacheka, wataita bajaji, na chakula kitapikwa kama kawaida.