Vidonge Vilivyoshindwa Mpakani

Askari aliyewahi kushika zamu mpakani Gisenyi anajua kuwa mji huo na Goma ni kama mji mmoja uliokatwa na kizuizi. Hapo ndipo walipopita watu baina ya 500,000 na 800,000, katikati ya Julai 1994, na hapo ndipo vijidudu vya tumboni vilipotoa funzo linalotuhusu sisi wa majeshi kila tunapofungua mfuko wa dawa.

Kipindupindu kilithibitishwa Goma tarehe 20 Julai. Ardhi ya huko ni mwamba wa volkano, vyoo havichimbiki, na maji yalitekwa Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi mno kwa kuhara. Vijidudu vilipopimwa, vilionekana vimekwisha kuwa sugu kwa tetrasaiklini na doksisaiklini. Mwezi Agosti kuhara damu kukashika nafasi, nako kukazidharau dawa nyingi za kawaida. Hilo halikuwa geni: kuhara damu huko kulizuka kaskazini-mashariki ya Zaire mwaka 1979, kukaingia Rwanda na Burundi, na asidi ya nalidiksiki iliyotegemewa ikaanza kushindwa mapema katika miaka ya 1980.

Aliyepona kipindupindu aliponywa kwanza na maji: maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, au ya mshipani kwa aliyezidiwa. Kidonge kifaacho hufupisha kuhara. Hakirudishi maji yaliyopotea.

Tena kidonge kina madhara yake. Doksisaiklini, ambayo majeshi kadhaa huwapa askari wao kuzuia malaria, huunguza umio wa mtu aimezaye bila maji ya kutosha na kulala papo hapo, na huifanya ngozi iungue upesi juani. Lililo zito zaidi halionekani. Utumbo wa mtu mzima umejaa bakteria wakaazi, walinzi wasio na sare, wanaokalia nafasi na kula chakula ambacho adui angekila. Dawa ya kuua bakteria haiulizi nani rafiki. Mwaka 1978 wataalamu walibainisha kuwa bakteria aitwaye Clostridium difficile hustawi katika lindo lililoachwa wazi namna hiyo, akatoa sumu, na mgonjwa aliyetibiwa maradhi mengine akaharishwa hata kufa.

Mwaka 2013 madaktari wa Amsterdam walitangaza tiba ambayo, tukiisimulia, tunavisikia vicheko vya mabwenini: waliwatia wagonjwa wa bakteria huyo kinyesi cha watu wenye afya, kilichochanganywa na maji ya chumvi na kupitishwa kwa mpira wa puani. Kati ya wagonjwa 16, walipona 13 kwa mara ya kwanza. Walinzi walikuwa wamerudishwa kambini.

Basi askari anayehara maji na aanze na maji ya chumvi na sukari, na anayehara damu aende kwa mganga wa kikosi siku hiyo hiyo. Kidonge alichobakiza mwenzake kitandani kisiguswe.