Makumbusho ya Askari wa Miavuli: Fizikia ya Usiku Mmoja wa Vita

Mgeni anayeingia katika makumbusho ya kawaida hutarajia kukuta vitu vya kale vimepangwa nyuma ya vioo, kila kimoja na kikaratasi chake cha maelezo, pamoja na onyo la kutogusa. Yapo, hata hivyo, makumbusho ya namna nyingine, ambayo hujaribu kumwingiza mgeni ndani ya tukio lenyewe kwa msaada wa sauti, mwanga, mtikisiko na mashine. Njia hii inapotumiwa kueleza vita, huzuka swali linalomhusu kila mwalimu: je, mgeni hutoka humo akiwa ameelewa jambo, au hutoka akiwa amesisimka tu?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutumia mfano wa makumbusho ya askari wa miavuli yaliyoko Sainte-Mère-Église, mji mdogo wa Normandy, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944

Mwaka 1944 ulikuwa mwaka wa nne tangu Ufaransa kukaliwa na majeshi ya Ujerumani. Tarehe 6 Juni mwaka huo, majeshi ya Marekani, Uingereza, Kanada na washirika wao yalianza kutua katika pwani ya Normandy. Saa chache kabla ya mashua za kwanza kufika ufukoni, zaidi ya askari 13,000 wa divisheni mbili za Marekani, ya 82 na ya 101, waliruka kwa miavuli gizani kutoka katika ndege zaidi ya 800. Kazi yao ilikuwa kuteka madaraja, njia panda na barabara zitokazo pwani, ili adui asiweze kupeleka askari wa msaada ufukoni.

Mji wa Sainte-Mère-Église, uliokuwa kwenye barabara kuu ya kwenda bandari ya Cherbourg, ulitekwa kabla ya mapambazuko. Askari mmoja, John Steele, alinaswa kwa mwavuli wake katika mnara wa kanisa. Akiwa amejeruhiwa mguu, alining'inia hapo kwa muda wa saa mbili hivi akijifanya amekufa, kisha akachukuliwa mateka na Wajerumani. Baadaye alifanikiwa kutoroka. Hata leo sanamu yenye mwavuli huonekana imening'inia katika mnara huo.

Karibu na kanisa hilo ndipo yalipofunguliwa makumbusho mwaka 1964. Humo mna ndege ya uchukuzi aina ya C-47 iliyoshiriki katika vita hivyo. Mna pia ndege isiyo na injini aina ya Waco, yenye mabawa ya upana wa mita 25 na ushei, ambayo kiunzi chake ni mabomba ya chuma yaliyofunikwa kwa kitambaa. Ndege hiyo ilikokotwa angani kwa kamba, kisha ikaachiwa ishuke yenyewe ikiwa na askari 13 au gari dogo la kijeshi. Mwaka 2014 liliongezwa jengo ambamo mgeni hupita ndani ya C-47 katika giza la kuigiza, huku akisikia ngurumo za injini, kama kwamba yuko safarini kutoka Uingereza.

Ndege itikisikayo bila kuruka

Kusini mwa mji huo, katika kijiji cha Saint-Côme-du-Mont, makumbusho mengine yamekwenda mbali zaidi. Huko wageni huketi ndani ya kiwiliwili cha C-47 halisi kilichowekwa juu ya mitambo inayokitikisa na kukiinamisha, wakahisi kana kwamba ndege inaruka. Yawezekanaje mtu akahisi anasafiri ilhali hajatoka mahali pake?

Jibu limo ndani ya sikio. Katika sikio la ndani mna viungo vidogo vinavyoueleza ubongo jinsi kichwa kinavyoinama, kinavyogeuka na kinavyoongeza au kupunguza mwendo. Viungo hivyo havitambui kasi isiyobadilika. Hutambua mabadiliko tu. Ndiyo maana abiria aliyefumba macho ndani ya ndege itulivu hawezi kujua kama inakwenda kilometa 200 au 800 kwa saa. Aidha, mashine inapoinamisha kiti nyuma kidogo, mwili hukandamizwa na mgongo wa kiti kwa sababu ya uvutano wa dunia. Ikiwa mtu haoni nje, ubongo huweza kuichukulia hali hiyo kuwa ni kuongezeka kwa kasi. Mashine za kuigiza safari za ndege, zikiwamo zile za kufundishia marubani, hutegemea udanganyifu huu wa hisi.

Hata hivyo, mtikisiko hauelezi kilichowapata askari baada ya kutoka mlangoni. Ili kukielewa, sharti turudi katika kanuni za mwendo.

Kazi ya mwavuli

Wako watu wanaodhani kwamba mwavuli huondoa uzito wa mtu. Sivyo. Uzito hubaki vile vile. Kinachoongezeka ni ukinzani wa hewa. Ukinzani huo hutegemea eneo la kitu, umbo lake, msongamano wa hewa, na zaidi ya yote, mraba wa kasi. Kasi ikizidishwa mara mbili, ukinzani huwa mara nne; ikizidishwa mara tatu, ukinzani huwa mara tisa. Mtu anayeshuka huongeza kasi mpaka ukinzani ulingane na uzito wake. Kuanzia hapo kasi haiongezeki tena. Bila mwavuli, kasi hiyo ya mwisho ni kama kilometa 200 kwa saa, nayo huua.

Mwavuli wa Wamarekani wa wakati huo ulikuwa na kipenyo cha mita 8.5 hivi, yaani eneo la karibu mita za mraba 57. Kwa askari ambaye yeye na mzigo wake wana jumla ya kilo 110, hesabu hutoa kasi ya kushuka ya mita 6.5 hivi kwa sekunde. Kutua kwa kasi hiyo ni sawa na kuruka chini kutoka juu ya ukuta wenye kimo cha mita 2 na kidogo. Kwa hiyo askari walifunzwa kukunja magoti na kubiringika.

Askari hakuufungua mwavuli kwa mkono wake. Kamba yake iliangikwa kwenye waya wa chuma uliopita ndani ya ndege. Alipotoka mlangoni, kamba hiyo iliuvuta mwavuli kutoka mgongoni, kisha mwavuli ukaachana nayo. Utaratibu huo ulihitajika kwa sababu kimo kilichopangwa kilikuwa kama mita 200 tu. Ingawa kila Mmarekani alikuwa na mwavuli wa akiba kifuani, nafasi ya kuutumia katika kimo hicho ilikuwa ndogo mno.

Pale kasi ilipozidi

Mpango uliagiza marubani wapunguze mwendo hadi kiasi cha kilometa 175 kwa saa wakati wa kuangusha askari. Lakini ndege zilipovuka pwani ziliingia katika wingu zito, na zilipotoka zikakutana na mizinga ya kutungulia ndege. Marubani wengi walitawanyika ili wasigongane, na baadhi yao wakaongeza mwendo au kubadili kimo.

Tuseme ndege moja ilikuwa ikienda kilometa 240 kwa saa badala ya 175. Tofauti hiyo yaonekana si kubwa. Lakini kwa kuwa ukinzani hufuata mraba wa kasi, mshtuko wa mwavuli kufunguka unakaribia kuwa mara 1.9 ya ule uliotarajiwa. Hii ndiyo sababu mifuko mingi ya zana iliyofungwa miguuni ilikatika na kupotea gizani. Mtu aliyeruka na bunduki, redio na risasi aliweza kufika chini akiwa na kisu tu.

Kasi hiyo iliathiri pia umbali kati ya mtu na mtu. Ikiwa askari 16 wanatoka kwa zamu, mmoja kila sekunde, ndege ya kilometa 175 kwa saa huwaangusha katika mstari wa mita 730 hivi. Ndege ya kilometa 240 kwa saa huwasambaza katika kilometa 1 nzima. Tena mwavuli ule wa mviringo haukuweza kuelekezwa ila kwa kiasi kidogo sana kwa kuvuta mikanda. Upepo ndio uliochagua mahali pa kutua. Mnara wa kanisa haukuwa shabaha ya John Steele.

Mahali penyewe palikuwa na hatari yake. Wajerumani walikuwa wameyaacha maji yafunike mabonde ya mito ya Merderet na Douve. Askari waliotua humo, wakiwa wameelemewa na mizigo na kubanwa na mikanda iliyokuwa migumu kufunguka, baadhi yao walizama. Waliosalimika walitafutana usiku kucha kati ya nyua ndefu za miti. Wale wa divisheni ya 101 walipewa kidude kidogo kiliacho kama nyenje kikibonyezwa: mlio mmoja uliuliza, milio miwili ikajibu. Kidude hicho kidogo huhifadhiwa leo kama kumbukumbu, nacho chaeleza upweke wa usiku ule vizuri kuliko mtambo mkubwa.

Jaribio la darasani

Mwanafunzi aliye mbali na Normandy aweza kuithibitisha kanuni hii kwa leso, nyuzi nne na vijiwe vinne vyenye uzito sawa. Funga uzi katika kila pembe ya leso, kisha unganisha ncha zake na kufunga kijiwe kimoja. Angusha mwavuli huo kutoka ghorofani au mahali pa juu palipo salama, mahali pasipo upepo, na kupima muda wa kushuka. Rudia mara kadhaa na utafute wastani. Baadaye funga vijiwe vyote vinne pamoja. Uzito umekuwa karibu mara nne. Je, kasi imekuwa mara nne? Wanafunzi wataona kwamba imekaribia kuwa mara mbili tu, kwa kuwa mraba wa mbili ni nne. Mwalimu awaulize basi: nishati ya kugonga ardhi imeongezeka mara ngapi? Jibu ni mara kumi na sita hivi, maana uzito umezidishwa kwa nne na mraba wa kasi pia kwa nne. Hapo watatambua kwa nini kila kilo iliyoongezwa katika mzigo wa askari ilikuwa na gharama yake.

Kile ambacho mashine haiwezi kukionyesha

Mashine ya makumbusho huweza kuiga ngurumo, giza na mwinamo wa ndege. Haiwezi kuiga jambo moja kubwa: mgeni anajua kwamba mlango utakapofunguliwa, atashuka ngazi na kurudi nyumbani. Askari wa mwaka 1944 hakuwa na hakika hiyo, wala hawakuwa nayo wakazi wa mji, ambao vita viliwaangukia kutoka angani wakiwa katika mitaa yao.

Hii si sababu ya kuyadharau makumbusho ya namna hii. Msisimko ni mlango mzuri wa elimu, mradi mgeni asiishie mlangoni. Anayetoka katika ndege itikisikayo, kisha akasimama mbele ya mwavuli halisi na kujiuliza ulibeba kilo ngapi, kwa kasi gani na kutoka kimo gani, ameanza kuelewa kwamba ndani ya zile hesabu za mraba wa kasi kulikuwa na watu, wengi wao vijana waliokuwa wakubwa kidogo tu kuliko mwanafunzi wa sekondari.